Nilipoeleza utani wa meli na ndizi pale Nyakato

Mwaka 2017 nlishika maiki kwenye sendofu moja maeneo ya Nyakato hapa Mwanza, nikatoa utani ambao hakucheka mtu hata mmoja, halafu badala ya kunyamaza nikaanza kuueleza. Utani wenyewe ulikuwa wa nusu dakika tu. Maelezo yalichukua kama dakika tatu hivi, na hizo dakika tatu ndo naziandikia leo, maana kila nikipewa maiki lazima zinijie kichwani.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Nlikuja Mwanza 2014 kumfuata binamu yangu aliyekuwa na kiduka cha vifaa vya simu pale Makoroboi, siku za wiki nauza makava na chaji, wikiendi nafanya uemsii. Uemsii sikuusomea, nlianza kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani emsii alipoingia mitini, watu wakafurahi, wakaanza kuniita, ikawa kazi. Na kilichonipa ujasiri sana huku Kanda ya Ziwa ni utani. Kwetu ukisema Msukuma au Mnyamwezi umesema mtani. Wazee wetu wanasimulia ilianza enzi za misafara, karne ya 19, wapagazi wanashuka kutoka bara na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo wanapita kwetu, wanalala kwetu, wanaumwa kwetu, wengine wanafia kwetu na tunawazika, basi kukawa na kuchukuliana. Kwa iyo mimi kufika Mwanza nlijiona nimefika kwa watu wangu, naweza kumwambia mzee wa Kisukuma nisiyemjua "wewe leta mzigo wangu ulioubeba toka Bagamoyo hujanifikishia mpaka leo" na akacheka akanidai soda. Nlizoea. Na ukizoea jambo unaanza kuliona ni lako popote, hapo ndo nlipokosea na wala sikujua kama nimekosea.

Sasa ile sendofu. Familia ya binti Wasukuma wa Misungwi, wanaishi mjini miaka mingi. Upande wa kijana Wahaya wa Muleba, Kagera. Kamati walinipa karatasi ya ratiba na majina kama kawaida, nani baba, nani mama, nani mshenga, na upande wa kijana kwenye sehemu ya mzazi pameandikwa tu "mlezi: shangazi". Nlilisoma hilo neno mlezi. Nlilisoma kwa sauti kabisa wakati wa kutambulisha, "makofi kwa mlezi wa kijana wetu, shangazi!", na sikujiuliza kwanini ni mlezi na siyo baba. Emsii mzoefu anajiuliza, sa hivi mimi hilo neno likiwepo kwenye karatasi namvuta mwenyekiti wa kamati pembeni kabla hata spika hazijafungwa, lakini siku ile nlikuwa nawaza ratiba, keki imechelewa, watu wana njaa na wageni wa Kagera walichelewa karibu saa nzima.

Ili kujaza muda nikasema hivi. Jamani wageni wetu wamechelewa kidogo, nimeuliza kulikoni, naambiwa meli ilijaa ndizi. Nahodha akasimama akauliza, ndugu zangu, hii ni meli ya abiria au ya ndizi? Wahaya wakamjibu kwa pamoja, ya ndizi mheshimiwa, sisi tunazisindikiza tu. Nahodha akasema basi shusheni hata nusu tuondoke. Wakaangaliana, wakamjibu, bora tushuke sisi.

Huo utani Dar nlishautoa mara tatu nne na ukumbi ukavunjika. Kule Mhaya ni ndizi na ni mtu wa kujiona, basi, hamna kingine mtu anachowaza, ukisema "bora tushuke sisi" mtu anamuona mjomba wake wa Kihaya kabisa na suti yake anamlinda mkungu wake.

Nyakato hamna aliyecheka. Na wala siyo ule ukimya wa kupoa, wa watu wanaokula au wanaochati. Dijei wangu, kijana mdogo, alikuwa na kitufe cha sauti ya watu wanacheka, akakibonyeza kama tulivyozoeana, ile sauti ikatoka kwenye spika mbili kubwa ikajaa ukumbi mzima halafu ikakatika, pakabaki kimya zaidi ya mwanzo.

Hapo ningeweza kusema tu "tuendelee na ratiba". Ila mtu ukiwa mbele za watu mia mbili na maiki mkononi kichwa kinakimbia vibaya, chenyewe kikaniambia hawajakupata. Nikadhani labda Kiswahili changu cha pwani kimekuwa cha haraka, labda spika za nyuma hazisikiki. Nikaanza. "Jamani naona hamjanipata, ngoja niwafafanulie. Nlikuwa namaanisha ndugu zetu hawa kwa kupenda ndizi, yaani meli imeshazidiwa, mizigo imepita kiasi, nahodha mwenyewe anaona hali siyo, anawaambia punguzeni, lakini wao hawapo tayari kushusha hata mkungu mmoja, wako radhi washuke wao kwenye maji..."

Nlivyokuwa naongea niliona kitu ambacho sikukielewa wakati ule ila sa hivi nakiangalia kila ukumbi ninaoingia. Watu walikuwa hawaniangalii mimi. Ukumbi wote, kuanzia upande wa binti mpaka upande wa kijana, walikuwa wanamwangalia bwana harusi mtarajiwa. Na yeye alikuwa anamwangalia shangazi yake. Na shangazi alikuwa anaangalia sahani iliyokuwa mbele yake ambayo bado haina chakula.

Nikazidi kufafanua. Nikasema ni utani jamani, sisi Wazaramo ni watu wa utani, Wahaya tunawapenda, ndizi hata mimi nakula. Kila sentensi naiweka juu ya nyingine. Shangazi akanyanyuka, mama wa makamo, gauni la kitenge cha bluu, akapita katikati ya meza taratibu akatoka nje na mama mwingine akamfuata. Mwenyekiti wa kamati akaja akaishika maiki juu ya mkono wangu, akasema "tunaomba chakula kianze", dijei akaweka muziki.

Nikatoka nyuma ya ukumbi kuna mwembe pale na matenki ya maji. Akanifuata mzee mmoja wa upande wa binti, babu yake mdogo, ambaye jioni nzima tulikuwa tunataniana, alishaniita mwizi wa pembe zake za ndovu. Nikamwamkia tena kwa woga, shikamoo mtani, akaitikia marahaba, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniuliza, "We Mzaramo, wale nani kakupa utani nao?"

Nikaanza kueleza tena! Nikasema babu mimi nlikuwa namaanisha kwamba... akanikatiza.

"Yule kijana baba yake alikuwa kwenye Bukoba."

Nikamuuliza, "Bukoba sehemu gani?" maana mimi nilidhani anasema mji.

Akaniangalia muda. "Meli, mjukuu wangu. Meli."

Sasa niseme mimi MV Bukoba nilikuwa naijua. Nani Tanzania haijui. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa Kisarawe, nakumbuka redio, nakumbuka mama kakaa na mkono shavuni, zile siku za maombolezo ya taifa. Jumanne asubuhi tarehe 21 Mei 1996, meli imetoka Bukoba imepitia Kemondo, usiku kucha imetembea, inakaribia kabisa Mwanza, ikapinduka. Ilitengenezwa ibebe abiria kama 430. Waliokufa hesabu inayotajwa ni zaidi ya 800. Hivyo vyote nilikuwa navijua, ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu. Lakini nilikuwa navijua kama mtu wa Kisarawe anavyovijua, yaani vimekaa huko kwenye fungu la mambo yaliyotokea zamani mbali, na utani wangu wa ndizi umekaa fungu lingine kabisa, havijawahi kukutana kichwani mwangu hata siku moja. Na nilikuwa nimeishi hapa miaka mitatu, napita Igoma kwenye daladala ambako kuna makaburi yao, wamezikwa pale wengi.

Ila kwa watu waliokaa ule ukumbi vilikuwa fungu moja. Ukitaja meli, Wahaya, mizigo imezidi, "bora tushuke", hamna mtu wa Mwanza wa umri fulani anawaza ndizi.

Hiki ndo kitu nimekifikiria sana kuliko vyote. Utani wowote una kipande hausemi. Ukikisema chote siyo utani tena ni taarifa. Unamwachia msikilizaji nafasi, anaijaza mwenyewe na alichonacho, na ile furaha ya kuijaza ndo kicheko kinapotokea. Dar nafasi ile walijaza na mjomba wa suti. Nyakato wakajaza na ndugu zao. Kwa iyo siyo kwamba hawakunielewa, walinielewa kupita mimi nilivyojielewa, mimi ndo nlikuwa sijaelewa nimesema nini. Na maelezo yangu yote yalikuwa yanawapa watu kitu walichokuwa nacho tayari, tena nawapa kwa undani, meli imezidiwa, nahodha anaona hali siyo, nawasimulia msiba wao kwenye maiki nikidhani nawasaidia kucheka.

Babu akaniambia kitu kingine pale kwenye mwembe ambacho na chenyewe sijakimaliza kukitafakari. Akasema, "Mimi ukinitania kuhusu marehemu mama yangu sasa hivi nitacheka. Unajua kwanini? Kwa sababu kwenye msiba wake ungekuwepo ningekutuma kazi." Nikakumbuka msiba wa babu yangu mzaa mama kule Kisarawe, nilikuwa darasa la sita. Kulikuwa na mzee Mnyamwezi jirani, mtani, alilala kwenye mkeka uliokuwa umetandikwa kwa ajili ya mwili akasema haondoki mpaka alipwe deni, alivaa kofia ya marehemu akaigiza anavyotembea, anavyokohoa, bibi yangu aliyekuwa hajala siku mbili akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi utotoni nilikumbuka kicheko tu. Nilichokuwa sijakikumbuka mpaka babu aliponiambia ni kwamba yule mzee kabla ya vile alikuwa kaburini na jembe tangu alfajiri, mashati yamelowa, na usiku uliopita ndo aliyekuwa anachochea kuni za kupikia waombolezaji. Alikuwa na ruhusa kwa sababu alikuwa na kazi pale. Mimi kwa Wahaya wa Muleba sikuwa na jembe wala kuni. Na Mzaramo na Mhaya kwa mila hatuna utani, ni mjini tu tumechanganyika mpaka kila mtu anamtania kila mtu na tunadhani ni kitu kilekile.

Ile shughuli nlimalizia kwa kusoma ratiba tu, bila neno la ziada. Walinilipa hela yangu yote na hiyo ndo iliniumiza zaidi.

Nikakaa wiki moja. Usiku nilikuwa naandika meseji ya kumtumia bwana harusi, naandika naifuta, naandika naifuta, na zote zilikuwa zinaanza na "ndugu yangu naomba nieleze kilichotokea". Binamu yangu akazisoma akaniambia mbona kila meseji inakuhusu wewe. Alikuwa sahihi. Zilikuwa zinasema mimi siyo mtu mbaya, mimi sikujua, mimi nilikuwa na nia njema. Hakuna iliyomuuliza mwenzangu anaendeleaje.

Jumapili iliyofuata nikaomba kwa mwenyekiti wa kamati anielekeze kwa shangazi. Anakaa Igoma. Nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai nikapanda daladala. Nikamkuta nje anachambua maharage kwenye ungo. Shikamoo shangazi. Marahaba. Akanitambua palepale, akavuta kigoda na mguu akanisogezea, nikakaa. Nikaanza, "Shangazi, ile siku mimi nlikuwa namaanisha..."

Akasema, "Umekuja kueleza tena?"

Hakusema kwa hasira, aliuliza kama anayetaka kujua apange muda wake. Nikasema hapana shangazi, nimekuja kukuomba radhi. Akasema "haya, nimesikia", akaendelea na maharage. Nikanyamaza. Kwa mtu wa kazi yangu kunyamaza ni kitu kigumu kuliko unavyofikiri, sisi tumefundishwa na mazoea kwamba ukimya wa sekunde tano ni hasara, lazima uweke neno, uweke muziki, uweke makofi. Nikachukua maharage upande wa kwangu wa ungo nikaanza kuchambua na mimi.

Baada ya muda mrefu akaanza mwenyewe. Mwaka 1996 alikuwa anauza ndizi Kirumba. Kaka yake ndo alikuwa anamletea mzigo kutoka Muleba, anapandia Kemondo, na ile safari alimwambia aongeze mikungu kwa sababu ilikuwa inauzika vizuri. Asubuhi ile alikuwa bandarini na mkokoteni wa kukodi anasubiri. Watu wakaanza kusema meli imelala. Yeye akadhani imelala maana yake imechelewa, imelala njiani. Akamwambia yule wa mkokoteni subiri nitakuongeza hela.

Akanyamaza tena pale. Halafu akasema wakati naongea ukumbini alikuwa anamfikiria yule wa mkokoteni, kwamba hakumlipa siku ile na hakumuona tena.

Kaka yake hakupatikana wa kutambulika. Akanionyesha kwa kidevu upande wa makaburi, akasema huwa anaenda na anasalimia wote kwa sababu hajui ni yupi. Yule kijana alikuwa na miaka sita, akamchukua akamlea.

Sikuwa na la kusema na sikusema. Nikachambua maharage mpaka yakaisha, akayaweka jikoni, akanipa chai. Nlivyokuwa naaga akaniambia, "Harusi ni Desemba, uje." Nikaenda, kama mgeni, nikakaa nyuma, nikasaidia kubeba viti baada ya shughuli.

Mwaka uliofuata, Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa kimekaribia Ukara kikitokea Bugolora, siku ya gulio, kimejaa watu na mizigo. Kilikuwa cha kubeba watu kama 100. Walikufa zaidi ya 220. Mimi Jumamosi ile ilikuwa nina shughuli Ilemela na mwenye shughuli akaahirisha, na hata asingeahirisha nisingeweza, maana jirani yetu pale Makoroboi anayeuza mabeseni ana watu Ukara na kutwa nzima ya Ijumaa alikuwa amekaa mlangoni kwangu kwa sababu mtandao wake unasumbua, simu yangu ndo ilikuwa inashika. Kila ikiita tunaangaliana. Jumamosi tukasikia kuna fundi wa kivuko katolewa hai baada ya siku mbili ndani ya kile chombo kilichopinduka, jirani akalia kama ni ndugu yake, hakuwa ndugu yake. Toka siku hiyo neno meli kwangu limehama fungu. Siwezi kulirudisha kule lilikokuwa na sitaki.

Kikazi nimebadilika vitu vichache na nitavisema haraka kwa sababu kuna wenzangu vijana wananiuliza. Karatasi ya kamati naisoma nikitafuta kilichokosekana, mzazi asiyetajwa, upande wenye watu wachache, nauliza mapema. Utani wa kabila siutoi kwa mtu ambaye kwao na kwetu hatuna utani, hata kama ukumbi mzima unautoa. Na utani ukidondoka naangalia macho yanaenda wapi. Wasiosikia wanageukia jirani, "kasemaje?", hao unarudia. Wasioelewa wanakuangalia wewe wakisubiri, hao hata ukiwaelezea hawatacheka ila hawataumia. Wakimwangalia mtu mmoja, nyamaza. Usitie neno, usimruhusu dijei abonyeze chochote, acha pawe kimya hata kama ni dakika nzima, halafu ukishuka mfuate yule mtu umuulize, siyo umwambie.

Kwa shangazi nikawa naenda mara kwa mara, mwanzoni kwa deni, baadaye kwa sababu nampenda tu. Novemba ile ya 2018 nikamkuta na senene, wale panzi wa kuliwa, wametumwa kutoka Muleba, anawakaanga wenyewe kwa mafuta yao, nyumba nzima inanukia. Akaniwekea kwenye kisahani na chumvi. Yule kijana na mke wake walikuwepo, mke ana mimba kubwa. Sijui waliongea nini jikoni kwa Kihaya, shangazi akasema kitu kimoja kifupi, maneno matatu manne, halafu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Kijana akacheka. Mimi nikabaki na senene mdomoni nawaangalia.

Akaniona. "Hujaelewa," akasema. "Ngoja nikueleze."

Akajifuta macho na kanga akakaa. Akasema kaka yake, yaani baba wa huyu, alikuwa na heshima imepita kiasi. Alikuwa anabeba ndizi kwenye baiskeli, mikungu minne mitano, kutoka kwenye kibanja chao mpaka barabarani, na kuna kilima. Kila akikutana na mzee lazima ashuke aamkie kwa adabu zote, hawezi kuamkia akiwa juu ya baiskeli. Akishuka baiskeli inamlemea, ndizi zinaanguka, mikungu inabingirika mpaka chini, wazee wanaona aibu wanaanza kumsaidia kukusanya. Ikafika mahali wazee wa pale wakisikia kengele ya baiskeli yake wanajificha kwenye migomba ili asiwaone asishuke. Na kuna mzee mmoja mnene sana alikuwa anajificha nyuma ya mgomba mwembamba, na kaka yake akawa anamuona kila siku na kila siku anashuka. Yale maneno aliyosema jikoni ndo aliyokuwa anasema yule mzee akisikia kengele, kitu kama "mwambieni sipo". Na leo huyu kijana kashuka kwenye bodaboda kumwamkia jirani, mayai yote yamevunjika.

Alieleza kwa muda mrefu kweli. Alirudi nyuma kunieleza kilima kimekaaje, alinyanyuka kunionyesha mzee anavyojikunja nyuma ya mgomba, kijana naye akawa anasikiliza kwa makini na nikagundua vingine ndo anavisikia mara ya kwanza. Mke wake akauliza kengele ilikuwa inalia vipi, shangazi akaigiza.

"Sasa umeelewa?" akaniuliza.

Nikamwambia bado kidogo shangazi, huyo mzee mnene nyumba yake ilikuwa upande gani wa kilima. Akasogeza kisahani cha senene katikati ya meza, akachukua mmoja akamweka mwanzo, hapa ni kwetu, mwingine akamweka mbele, hapa ndo kwa mzee, akaanza upya.